Kivinjari Chepesi Kuliko Vyote

Jumatatu, 3 Machi
Mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke kwetu. Dada yangu mkubwa kapiga simu: orodha ya wakimbizi wanaotaka kurudi nyumbani imefunguliwa. Fomu iko mtandaoni, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Chumba cha uani keshakifagia. "Safari hii usinizungushe, mdogo wangu."
Nikafungua fomu. Nikachemsha chai, nikainywa, kiduara bado kinazunguka. Mtandao wangu unakwenda kama kinyonga mwenye mimba. Nimegundua kosa: kivinjari, hiki kidude cha kufungulia kurasa za mtandao, ni kizito. Miaka ishirini na sita ya ukutubi sikumwazima mtu kitabu bila kulinganisha matoleo. Nitalinganisha vivinjari.

Jumanne, 4 Machi
Nimepakua vitatu, kila kimoja saa mbili. Nimeviandikia kadi: uzito, kasi, tabia. Cha pili kinataka kusasishwa kabla sijakigusa! Cha tatu kilifika kwenye jina la baba, kikaganda. Binti yangu kasema tatizo si kivinjari, ni mtandao, na kila ninachopakua kinazidi kuubana. Nikamjibu kwamba nilikuwa napanga vitabu kabla mama yake hajapanga kumzaa.

Jumatano, 5 Machi
Fundi saa wa mlango wa pili kagonga. Ana mtandao wa waya, na hakosi kunikumbusha. "Njoo kwangu, mzee wa kadi, dakika kumi umemaliza." Dakika kumi! Na saa yangu ya ukutani kaitengeneza mara tatu, bado inachelewa. Nimemshukuru. Siendi.
Cha nne kinazuia picha zote. Chepesi kama unyoya! Fomu ikafunguka yote. Mwishoni ikanitaka nithibitishe kuwa mimi ni binadamu kwa kugusa picha zenye daraja. Picha hazipo. Nimebahatisha mara kumi na moja. Mimi si binadamu.

Alhamisi, 6 Machi
Bando limekwisha katikati ya cha sita. Dada kauliza kama nimejaza. Nimesema niko hatua za mwisho. Akasema: "Kwa mama ulichelewa. Kwangu usichelewe."

Ijumaa, 7 Machi
Saa tano nimemeza kiburi, nikaenda kwa fundi saa. Fomu ikafunguka kufumba na kufumbua. Kwa kivinjari gani? Kile kile kizito nilichokikataa Jumatatu! Haiwezekani. Nikasema ngoja tupakue cha saba, tupime kwa haki. Fundi akapiga kelele: "Jaza kwanza, mzee!" Kikashuka kwa dakika moja. Kikaomba kompyuta izimwe na kuwashwa. Nikakubali. Ikaanza kujisasisha. Ilipowaka, saa sita na dakika nne. Orodha imefungwa.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempigia dada. Hakunifokea, afadhali angenifokea. Kauliza tu kama nimekula.
Binti anasema orodha hufunguliwa kila baada ya miaka mitano. Dada ana themanini na tatu.
Kadi nimezipanga. Kinaongoza cha tano, lakini nasikia kuna cha nane, chepesi zaidi. Nimenunua bando jipya, kinashuka sasa: asilimia kumi na mbili. Fundi saa kachungulia dirishani, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu huo.
Kwetu sirudi tena.