Atlasi Niliyoiacha Mezani

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, ambaye kwa kawaida ndiye anayenisemea kila kitu. Safari ya wazazi wangu nimeisababisha mimi.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana nilitaka Jumamosi moja nyumbani peke yangu. Moja tu! Bila wageni, bila kuitwa sebuleni nikasalimie. Mimi na kusalimia hatupatani. Shuleni tunafundishwa kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, na nimefaulu kunyamaza kwa lugha zote mbili. Basi nikaiacha atlasi yangu wazi mezani, kando ya chai ya Baba, imtie hamu ya kutembeatembea kidogo. Ilifunguka Asia. Sikuichagua. Uti wa kitabu umevunjika hapo.

Baba alikuwa karani wa posta miaka thelathini, akigonga mihuri barua za kwenda asikokujua. Aliitazama ile ramani mpaka chai ikapoa. Kisha akamwita Mama. Sasa Baba amestaafu, Mama amefunika cherehani yake, na Jumapili wanaondoka wawili, mabegi mgongoni, kuizunguka Asia. Miezi sita! Watu wenye miwani ya kusomea!

Mimi naachiwa Shangazi, dada mkubwa wa Baba, mlezi wa bweni mstaafu. Mtaa mzima unamwita Kengele. Anayo kweli. Ya shaba.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sawa, nimeingia. Nina siku sita za kutoka.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza: uzito.

Asubuhi na jioni Baba hupanda ngazi na begi mgongoni, ghorofa nne, kujizoesha. (Lifti ya jengo letu ni stoo ya mafagio.) Ili kupunguza mzigo amekata mipini ya miswaki, wake na wa Mama. Naye Mama amefunga utepe mwekundu kwenye mabegi yote mawili wasije wakapoteana. Kama watoto wa chekechea!

Baba alipoingia kuoga nikatia pasi chini kabisa ya begi lake, nimeiviringisha kwenye fulana. Ile pasi nzito ya kazi ya Mama. Mgongo ukimkamata, safari imekwisha.

Jioni, ghorofa ya tatu, Baba alisimama akaegemea ukuta kama anaunong'oneza. Nimekula vizuri sana.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimeongeza kamusi. Mbili. Kusoma lugha mbili kuna faida yake.

Baba aliketi kwenye ngazi, jasho tele, akamwambia Mama huenda umri umefika. Mama akamjibu kuwa umri ulifika zamani, ulikuwa ukimsubiri kwenye kochi, na ainuke basi, mwanamume mzima. Akainuka!

Shuleni mwalimu wa jiografia aliuliza bara lipi ni kubwa kuliko yote. Nilijua. Mungu anisamehe, hakuna aliyejua zaidi yangu. Nikatazama viatu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Baba hasimami tena ghorofa ya tatu. Nimeongeza kufuli la geti la zamani.

Mpango wa pili: ugonjwa. Nililala hadi saa mbili, nikamwambia Mama kwa sauti ya marehemu kwamba nasikia baridi ya ndani kwa ndani. Kipimajoto nikakichovya kwenye chai. Kilionyesha kwamba nimekufa tangu juzi. Mama akakisoma, akakifuta sukari. Akaenda kumpigia Shangazi simu aje mapema amsaidie kuuguza.

Kabla ya adhuhuri Kengele alikuwa mlangoni na sanduku lake! Siku tatu kabla ya wakati! Alinishika paji la uso, akasema wakati wa mitihani alikuwa akifufua maiti kama mimi wanne kwa asubuhi moja. Nikafufuka. Nikaosha vyombo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kengele imelia alfajiri. Bado nina mwangwi sikioni.

Shangazi amechukua kiti changu cha dirishani. Kisha amenituma dukani nikanunue sabuni. Peke yangu! Kwa mdomo wangu! Mama huenda nami siku zote, mimi nabeba, yeye anasema. Leo alitaka kuvaa kandambili anifuate, Shangazi akamwambia, wifi yangu, huyu utakwenda kumsemea ukiwa Asia? Mama akavua kandambili.

Nilifika mpaka kwenye mlango wa duka. Nikarudi nikasema duka limefungwa. Shangazi akachungulia dirishani. Muuza duka, aliyekuwa amesimama nje, akampungia mkono.

Habari mbaya zaidi: Baba amepanda ghorofa zote nne akiimba.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Leo wamepima mabegi kwenye mizani ya bafuni. La Baba lilipowekwa, mshale ulikwenda mwisho ukabaki ukitetemeka. Baba akamwaga kila kitu sakafuni. Pasi. Kamusi mbili. Kufuli.

Shangazi alinitazama kama mlezi wa bweni anayesikia harufu ya moshi.

Halafu Baba akacheka mpaka akavua miwani. Akamwambia Mama, kumbe mke wangu ulikuwa ukinikomaza kimyakimya! Akambusu kwenye paji la uso. Akalivaa begi jepesi, akashuka hadi getini na kurudi kabla birika halijachemka. Nimemtengeneza mwanariadha! Mimi!

Baadaye Mama akaja chumbani kwangu, akakaa kitandani. Aliniambia fundi wa nguo hujua pasi yake imetoka siku ileile iliyotoka. Tangu Jumanne! Akasema aliiacha kwa sababu yule mzee alihitaji mazoezi kweli. Kisha akasema, mwanangu, sema neno moja tu, tunabaki. Baba yako nitamweleza mimi.

Neno moja! Hapo hasa ndipo nilipokuwa nikipatafuta wiki nzima. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni Baba alikuwa akimsomea Shangazi daftari lake la posta. Sikujua kama analo. Kila mji aliougongea muhuri akashindwa kuusahau, aliuandika. Hanoi. Katmandu. Samarkandi. Alisoma polepole, kama mtu anayesoma majina ya waliofaulu, akisubiri lake.

Nikasema: Nendeni.

Kwa sauti! Mama alishtuka kuliko mimi. Akauliza sabuni je, atanunua nani. Nikasema mimi. Uongo, lakini ulisikika mpaka sebuleni.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Wameondoka. Baba alibeba mabegi yote mawili kwenye ngazi, kwa majivuno tu. Mama aligeuka mara tatu. Utepe mwekundu niliuona mpaka kona.

Mama ameniachia mpini wa mswaki wake uliokatwa, eti hauna kazi. Ndio alama ya ukurasa wa shajara hii sasa.

Nililia bafuni, bomba nimelifungua. Shangazi akagonga, akasema lia tu, mwanangu, lakini funga maji.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Wiki hii imenifunza mengi. Kwamba hila humrudia mwenyewe. Kwamba kusema ukweli ni rahisi kuliko kuficha pasi. Ninaandika haya kwa dhati.

Ila kengele leo imelia alfajiri tena, na miezi sita ni mingi, na ninachotaka ni Jumamosi moja tu. Moja!

Kwa hiyo nimeiacha atlasi mezani, kando ya chai ya Shangazi. Safari hii sikuuachia uti wa kitabu uamue. Nimechagua Amerika Kusini, nikaubana ukurasa kwa mpini wa mswaki.

Kimya kirefu sana sebuleni. Chai lazima imepoa. Dalili njema!

Kiti kimesogea. Shangazi anauliza kwa sauti ya bweni kama Brazili huwa na baridi mwezi wa nane. Nimeshinda! Nimeshinda!

Anauliza jingine. Pasipoti. Yake anayo, anasema, ipo kwenye sanduku tangu zamani. Anauliza yangu iko wapi.

Kandambili kwenye korido. Kengele anayo mkononi, naisikia. Daftari chini ya godoro, haraka.