Tarumbeta Nne na Kiti Kimoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Ushindi! Bi Nusrat, kiongozi wa bendi kubwa ya jazi kule Nyegezi, amenipigia simu mwenyewe. Mpiga dramu wake, Mzee Shimba, ameteguka mkono akisukuma gari. Wanataka mtu wa kupiga kwenye onyesho la Jumamosi. Akauliza kama nasoma noti. Nikasema nazisoma hata zikiwa zimepinduliwa. Sizijui kabisa! Lakini mimi ndiye Malimi, mpiga roki wa Kirumba, nimeshapasua dramu mbili mwaka huu. Nikifanya vizuri, kiti cha dramu kitakuwa changu moja kwa moja. Nakitaka kuliko chakula.

Jumanne, 5 Agosti

Mazoezi. Watu kumi na saba! Saksafoni tano, tromboni nne, tarumbeta nne. Sijawahi kukaa ndani ya sauti ya namna ile. Walipopuliza pamoja, vinyweleo vikanisimama. Nikaogopa, nikapiga kwa nguvu zote ili nisiogope. Bi Nusrat akasimamisha wimbo mara sita. Akauliza kama nimekuja kupiga dramu au kutwanga mpunga.

Mzee Shimba alikaa pembeni, mkono kwenye bandeji. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaomba kijiti kimoja. Kwa mkono wa kushoto akagusa sahani moja tu ya shaba kwenye dramu, taratibu. Bendi nzima ikamfuata, wimbo ukaanza kutembea! Kijiti kimoja! Nilitaka kulia. Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, wanasema. Mimi nitasogeza kitanda. Kwetu Magu, ngoma mbili hushindana uwanja mmoja, saa ileile, na watu hukimbilia ile inayowavuta. Anayejaza watu ndiye mshindi, hakuna habari ya noti. Nimempigia mjomba Ng'washi aje na watu wanane. Nikianza kupiga peke yangu katikati ya wimbo wa mwisho, wainuke wakimbilie kwangu. Ukumbi utawafuata. Mjomba akauliza nashindana na nani. Nikasema na tarumbeta. Akauliza kama hao si wenzangu wa bendi. Mjomba ana maswali mengi.

Leo nimesogeza dramu mpaka mwisho wa jukwaa, kushoto, ili watu wapate pa kukimbilia. Bi Nusrat akataka sababu. Nikamwambia ni upepo wa ziwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Alasiri. Ukumbi umejaa. Nyimbo tatu nilipita salama, maana Mzee Shimba alikaa nyuma yangu akinigusa bega kila zamu yangu ilipofika. Wimbo wa mwisho. Nikainua vijiti.

Hapo wapiga tarumbeta wanne wakainuka vitini. Sijui niliandikeje hili. Tarumbeta zilianza chini, kama mtu anayeongea na mwanawe. Tromboni zikazibeba, saksafoni zikaingia, sauti ikapanda mpaka nikaisikia kwenye meno. Mungu wangu! Sikujua binadamu wanaweza kukubaliana kiasi kile. Mjomba akainuka. Watu wake wanane wakainuka. Wakakimbilia upande wa tarumbeta, mjomba akipiga mluzi, na ukumbi mzima ukawafuata. Yote kama nilivyopanga, isipokuwa upande.

Nilipojitambua, nilikuwa nao. Mimi mwenyewe! Nimesimama mbele ya tarumbeta, mikono juu, machozi yananitoka, nimemtangulia hata mjomba. Vijiti sijui niliviacha wapi. Kwa mbali nikasikia sahani inagongwa taratibu. Mzee Shimba alikuwa amekalia kiti changu, mkono mmoja, macho ameyafumba, na hakuna aliyepungukiwa kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Bi Nusrat hakunigombeza. Alisema kiti ni cha Mzee Shimba, mkono mmoja unamtosha. Ila naruhusiwa kuja mazoezini kila Jumanne, mwaka mzima, nikae, nisikilize, nisiguse kitu. Akasema sikio ninalo, jana aliliona.

Nimetafakari tangu asubuhi na kosa langu nimeliona. Nilipiga chombo cha kushindwa. Gladness, jirani yangu anayepuliza tarumbeta kwenye kwaya, ameniazima yake. Jumanne ni keshokutwa, muda upo tele. Nimeichunguza yote. Ina vitufe vitatu tu, na mimi vidole ninavyo kumi.