Tangi la Mak Cik Kalsom

Jumatatu, 8 Julai
Mgongo unauma. Nimefagia ngazi za jengo zima, ghorofa nne, nyumba ishirini na nne. Wanaoishi humu wamebaki nyumba saba tu. Wengine wamehamia majengo mapya yenye lifti. Vumbi lao wameniachia.

Saa kumi Haslina akaninasa ngazini. Ni binti wa Mak Cik Kalsom wa ghorofa ya nne (Mak Cik ni shangazi, ndivyo wanavyowaita wazee wa kike hapa), muuguzi kule Kuala Lumpur, amekuja kumtoa mama yake hospitali. Mapafu. Akaniuliza tangi la maji juu ya paa nimelifungua lini mara ya mwisho. Nikasema juzijuzi. Akauliza juzijuzi ya mwaka gani. Mwanamke huyu!

Anasema maji ya mama yake yananuka kama chungu kilichosahauliwa. Maji yakituama, hasa kwenye joto, huzaa vijidudu, na mgonjwa akioga, rasharasha ile inamwingia kifuani. Jumamosi anarudi na chupa ya kupimia. Maji yakiwa mabaya, anamchukua mama yake akaishi naye ghorofa ya ishirini na moja. Bila jirani. Bila vyungu vyake vya pilipili.

Mak Cik Kalsom ndiye mtu pekee katika mji mzima wa Ipoh anayeniita mwanangu. Mama yangu yuko kisiwani kwetu Lombok, ng'ambo ya bahari, miaka tisa sijamwona. Haondoki mtu hapa!

Jumanne, 9 Julai
Nimepanda juu ya paa. Mfuniko wa tangi umepasuka, viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani. Nikacheka peke yangu. Kumbe ni hili tu! Kwetu Lombok kila birika la kuogea lina samaki wake, tangu enzi za babu. Samaki anakula viluwiluwi, watu wanaoga, kila mmoja anaridhika. Shule niliachia darasa la tano, lakini hili nalijua.

Nikanunua visamaki kumi, vidogo kama kucha. Nikavitia.

Arumugam, mlinzi wa getini, akaniona napita na mfuko wa samaki. Akauliza kama siku hizi supu inapikwa juu ya paa. Kisha akajitia mhandisi. Eti tangi lilijengwa kwa watu mia na sasa hatufiki ishirini, kwa hiyo maji yanalala humo siku nne, tano, bila kutembea. Eti nilishushe boya, lile linaloelea na kufunga maji tangi likijaa, maji yafike robo tu, ya leo yaishe leo, kesho yaingie mapya. Nikamwambia alinde geti, geti halina boya.

Mtu huyu humpelekea Mak Cik gazeti kila asubuhi na kukaa kwake nusu saa. Nusu saa! Geti linalindwa na nani?

Jumatano, 10 Julai
Balaa. Asubuhi ukelele kutoka ghorofa ya nne. Nikapanda ngazi mbilimbili. Mak Cik kasimama mlangoni na saruni yake, kopo la kuogea mkononi. Ndani ya kopo, samaki. Mzima. Katoka bombani!

Nikajitahidi kushangaa. Mak Cik akanitazama, akauliza mpangaji huyu mpya mbona hakubisha hodi. Akacheka. Akacheka mpaka akaanza kukohoa, na kikohozi kikakataa kuisha. Nikamshika mabega. Mepesi, kama ya kuku. Alipopata pumzi akasema, “Usimwambie Haslina, mwanangu, atakufukuzisha kazi.” Yeye ndiye mgonjwa, na anayehurumiwa ni mimi!

Nikawanasa waliobaki kwa kipande cha chandarua. Wote tisa. Halafu nikachungulia maji vizuri, nikaona mavi ya samaki. Kumi wazima walikuwa wakijisaidia katika maji ya mgonjwa, na aliyewaalika ni mimi.

Alhamisi, 11 Julai
Siku ya kuosha tangi. Kuliosha, lazima kwanza ulimwage. Hapo mikono ikagoma.

Kwetu ni kusini mwa kisiwa, kukavu. Kiangazi mama alikwenda kuteka maji mbali, akarudi na mtungi kichwani na shingo imekakamaa. Ukimwaga kopo moja unachapwa, halafu anayelia ni yeye. Sasa nifungue koki maelfu ya lita yaende mtaroni? Siwezi. Nikayateremsha kwa ndoo. Nikamwagilia miti yote ya uani. Nikaosha ngazi, pikipiki za watu, ukuta wa nje. Paka alikimbia kwa wakati.

Ndoo ya thelathini Arumugam akaja na ndoo zake mbili. Akazijaza, akashuka nazo. Tuliosha hata kibanda chake.

Ndani ya tangi, tope la vidole viwili na utelezi kama kambale kila upande. Nikaingia na brashi. Nikasugua, nikapaka klorini, macho yakawaka moto, nikasuuza mara mbili. Nimeweka mfuniko mpya unaobana, na wavu kwenye bomba la kumwagikia, mbu asipate mlango.

Kisha nikalijaza pomoni! Arumugam akauliza, na boya je? Nikamjibu kwamba kwetu tangi lisilojaa ni aibu ya ukoo. Akasema ukoo wangu basi uje uyanywe.

Ijumaa, 12 Julai
Alasiri nilimpandishia Mak Cik mchele wake. Mlangoni kuna begi, limefungwa. Juu yake picha ya marehemu mumewe, imeviringwa kwa taulo.

Akasema ni vizuri awe tayari, asimcheleweshe binti yake. Akanikabidhi vyungu vya pilipili. Akanionyesha kimoja kimoja: mche huu unataka kivuli, huu ni mvivu, usiuhurumie. Na miche yote isipewe maji yaliyolala ndooni, yatanuka, ipewe yanayotoka bombani mapya. Aliongea kwa furaha kabisa, huku akiyafuta majani vumbi kwa kidole. Nikasema nimeingiwa na klorini machoni.

Nikashuka. Nikasimama mbele ya kibanda cha Arumugam. Nikakohoa. Nikamwomba anionyeshe boya linavyoshushwa.

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Tukapanda. Alikunja fimbo ya boya kidogo tu, basi, yaliyozidi yakishatumika, maji yatakoma robo ya tangi. Dakika mbili! Halafu akasema hata mabomba ya nyumba tupu yamejaa maji ya zamani. Nikachukua funguo, tukafungua koki katika nyumba zote kumi na saba, mpaka maji yakatoka baridi na bila harufu. Akasema hivyo kila wiki. Mimi nilishika ndoo chini ya kila koki. Hilo hakulibishia.

Jumamosi, 13 Julai
Haslina alifika saa nne. Akapanda mwenyewe juu ya paa, na viatu vyake vizuri. Akagonga mfuniko, akavuta wavu, akamulika ndani kwa tochi, akanusa. Nilibana pumzi kama vile ninanuswa mimi. Akauliza nani alifikiria kulishusha boya. Nikafungua mdomo niseme Arumugam. Likatoka “mimi”.

Arumugam alikuwa nyuma yangu. Akasema kweli, Bang Murdip, kaka yetu huyu, kichwa chake kimejaa sana, hata robo hakijapungua.

Chupa imeondoka na Haslina. Mak Cik amebaki anasubiri majibu. Begi nalo liko palepale mlangoni. Kila nikifagia ghorofa ya nne nalizunguka kama kaburi.

Jumatano, 17 Julai
MAJI SAFI! Haslina kapiga simu. Hakuna kijidudu cha kutisha. Mama yake abaki, mradi tangi liendelee hivihivi.

Nilipofika juu, Mak Cik alikuwa ameshaitundika picha ukutani. Imepinda, sikumwambia. Akaniomba nimfungulie begi, zipu ina kutu. Nguo zilinukia karafuu. Nilizitoa moja moja, naye akazipanga kabatini, na hakuna aliyefanya haraka.

Ametupikia uji wa ndizi kwa tui. Bakuli la Arumugam lilikuwa na vipande saba. Langu sita. Nikashukuru. Lakini nimeandika hapa.

Alhamisi, 18 Julai
Tangazo limebandikwa: huenda mwezi ujao maji yakakatwa siku moja kwa ajili ya matengenezo. Siku moja nzima! Na Mak Cik ataoga nini?

Kichwa changu kikafanya kazi mara moja. Nimepata mapipa kumi na mawili ya plastiki nyeusi. Nimeyapandisha nyumba tupu ya ghorofa ya tatu, nikayajaza mpaka mdomoni, nikayapanga dirishani upande wa jua ili asioge maji ya baridi na kifua chake kile. Nimefunga mlango kwa kufuli. Hakuna atakayeyagusa, hakuna atakayeyatikisa. Yatamsubiri humo mwezi mzima, mwaka ikibidi. Arumugam simwambii. Safari hii nimemtunzia mimi mwenyewe.