Mkaguzi Mkali wa Plazma

Evaristo Lucero alikuwa kwenye foleni ya burito, ile chapati ya kukunjia nyama, tumbo linanguruma, mama wa mbele yake aliposema kwenye simu maneno matamu kuliko nyama. Cheti cha ithibati cha kituo chake kinakaribia kwisha, alilalamika mama huyo, wakaguzi wanaweza kuingia wakati wowote, na wakiingia leo atafungiwa milango.

Aliitwa Herminia Quintanar, meneja wa kituo cha kuchangia plazma karibu na daraja la mpakani. Pale El Paso, mji wa Marekani unaopakana na Meksiko, watu huenda vituo hivyo kama waendavyo sokoni. Mashine inakuvuta damu, inachuja yale maji ya manjano ya kutengenezea dawa, inakurudishia iliyobaki, nawe unaondoka na dola za petroli. Evaristo mwenyewe alikuwa mchangiaji wa kituo cha upande mwingine wa mji. Ndiyo kazi pekee ya halali aliyopata kuifanya, na hata hiyo aliifanya kwa udanganyifu.

Kabla burito haijaisha alikuwa ameshajiajiri. Akashinda maktaba siku kadhaa akisoma kanuni za usalama, maana mwongo asiyeujua ukweli hafiki mbali. Kisha akavaa suti ya marehemu mjomba wake, akaingia kwa Herminia akijitambulisha kuwa mkaguzi, na akaomba aonyeshwe friza.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: awe mkali mpaka mama wa watu atetemeke, bahasha itakuja yenyewe. Basi akakunja uso. Kengele ya friza ilikuwa imezimwa kwa sababu ya kelele. Akauliza, friza ikizima usiku, plazma ikayeyuka, nani atajua? Na mgonjwa atakayetegemea dawa yake aambiwe nini? Muuguzi mmoja alikuwa akihangaika na mashine nyingi peke yake. Evaristo akataka aongezwe mwenzake.

Akafika kwenye mizani. Kijana mmoja, Chuy, mwembamba kama ufito, alikuwa amesimama juu yake na jaketi zito, na mizani inasema uzito wake unatosha kuchangia.

"Vua jaketi," alisema Evaristo.

"Nina baridi, bwana mkubwa."

"Mimi nilikuwa naweka vyuma vya kuzamishia ndoano za samaki kwenye pindo la jaketi. Wewe umeweka nini?"

Chuy akavua polepole. Jaketi lilipotua sakafuni liligonga kama nyundo, na mizani ikashuka. Evaristo akamwambia mwili kama ule ukitolewa maji hayo utaanguka barabarani, akale kwanza. Kijana akaondoka akimtukana mkaguzi pamoja na ukoo wake wote. Jambo la ajabu, Evaristo alijisikia vizuri.

Herminia alikuwa akijifuta jasho na kuitikia kila neno. Evaristo akamnong'oneza kwamba mambo ni mabaya, ila binadamu husaidiana. Mama akamwomba kwa unyenyekevu apewe muda wa kujipanga. Evaristo, mwenye subira ya mvuvi, akakubali. Akarudi mara kwa mara, kila safari akipata kosa jipya ili bahasha inenepe: vitanda, glavu, maswali ya afya yanayosomwa haraka kama mnada. Kila aliporudi, kosa la jana lilikuwa limerekebishwa.

Siku aliyokwenda kuvuna, alikuta keki mezani. Wakaguzi wamekuja, Herminia alimweleza kwa furaha, wenzako wale, wamekagua kila kona na hawakupata hata doa. Cheti kipya kiko ukutani.

"Kwa hiyo ule mzigo wetu..." alianza Evaristo.

"Mzigo gani tena, mwanangu? Si makosa yameisha? Kata keki."

Akala keki. Akajisemea ni bahati mbaya tu, hata wajanja hupishana na riziki. Kesho yake akapiga pasi suti, akaenda kituo kingine, kwa meneja aitwaye Prudencio Baeza. Huyo alitetemeka hata kuliko Herminia. Mwenyewe alifungua kabati, mwenyewe akaonyesha friza mbovu, akaandika kila alichoambiwa. Evaristo alikagua mpaka jua likazama, koo likamkauka, akatoka akiwa na uhakika kwamba safari hii amempata.

Alikuwa anafunga kamba ya kiatu nje ya mlango alipomsikia Baeza ndani, akiongea na simu.

"Ulisema kweli, Herminia. Mshauri wa kweli angenikamua mpaka shati. Huyu anafanya bila kulipwa hata senti, na anajua kazi kuliko wote. Siku ile ya kwanza ulipopiga simu ofisi ya wakaguzi ukaambiwa hawamjui, mimi ningeita polisi. Wewe una akili, dada."

Evaristo akabaki ameinama, kamba mkononi. Mtu aliyekuwa akiwaingiza watu mjini maisha yake yote, leo kaingizwa mjini na wale wale aliodhani amewanasa.

Mlango ukafunguka. Baeza akatoka, unyenyekevu umemrudia usoni.

"Bwana mkaguzi," alisema, "binamu yangu ana kituo kule mji jirani wa Las Cruces. Anaogopa ukaguzi kupita kiasi."

Evaristo akasimama taratibu, akakung'uta magoti ya suti ya mjomba.

"Huko," aliuliza, "chakula cha mchana wanatoa?"