Turbo ya Lori na Banda la Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe kaamua. Banda lililo uani kwake linaingia gari moja, na sisi ni madereva wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Atakayepata alama nyingi kwenye drifti ya Jumapili, yale mashindano ya kuserereshea gari kwenye kona, abaki na banda. Mwingine gari lake likalowe.

Na banda nani kalijenga? Mimi! Nguzo nimechimbia mimi, mabati nimepigilia mimi. Shemeji alishika ngazi. Kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa na simu.

Nimekasirika hadi nikashindwa kula. Baadaye nilikula, lakini kwa hasira.

Dawa ni turbo mpya. Lile konokono la chuma linalosukumia injini hewa limechoka, linakohoa tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Mama Spana, fundi wa turbo. Rafuni zipo mbili. Moja ndogo, inaenea kiganjani. Nyingine imetoka kwenye lori, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Akasema nichukue ndogo: drifti ni kona tupu, mguu unakanyaga na kuachia, kwa hiyo turbo inatakiwa iamke papo hapo. Ile ya lori haiamki mpaka injini ifike mizunguko elfu tano na mia tano. Injini yangu mwisho wake elfu sita.

Kanionaje? Nikatoa futi kamba, nikapima midomo. Ya lori ina upana mara mbili. Upana mara mbili, eneo mara nne. Hewa mara nne! Sijasoma chuo, lakini hesabu hainipigi chenga. Mama Spana akauliza kama napima turbo au napima pazia.

Hapo nikajua: kahongwa na shemeji. Wanataka nibebeshwe kitoto cha turbo.

Nikachukua ya lori. Kisha nikamwomba, shemeji akipita, amsifie ile ndogo kwa nguvu zote. Akasema hiyo kazi nyepesi, maana ndivyo anavyoamini. Nimecheka njia nzima.

Ijumaa, 7 Machi

Turbo haienei! Nimekata tundu kwenye boneti, sasa imetokeza nje. Mke wangu kauliza gari limeota jipu lini. Ukoo mzima una dharau.

Jioni shemeji kaja na ile ndogo mkononi. Kanasa! Akaniuliza kwa upole naionaje. Nikavaa uso wa huruma.

"Shem, hiyo ndiyo yako hasa."

Akanishukuru. Mjinga.

Jumapili, 9 Machi

Leo siandiki.

Naandika. Kona ya kwanza nikakanyaga mafuta. Kimya. Kona ya pili, kimya. Gari linajikokota kama linakwenda msibani. Kona ya tatu nikakata tamaa, nikanyoosha usukani nimalize tu. Hapo ndipo turbo ikaamka! Hewa yote mara nne, kwa mkupuo, mahali pasipo na kona. Gari likageuka lenyewe, likaenda kinyumenyume mpaka kwenye hema la waamuzi. Waamuzi wamepona. Meza yao haikupona. Alama: sifuri.

Shemeji kaserereka kona zote, moshi mweupe, mkia unacheza. Alama themanini na sita. Akashika kipaza sauti, baba mkwe yuko mstari wa mbele.

"Namshukuru shemeji yangu. Turbo hii kanichagulia yeye."

Watu wakanipigia makofi. Sijawahi kuchukia makofi kiasi kile.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya banda langu mwenyewe. Maji yanaingilia tundu la boneti. Gari la shemeji liko ndani, kavu kama biskuti.

Mke wangu kaja na mwavuli. Kasema baba yake amekubali turudie mwezi ujao, ila safari hii nimsikilize Mama Spana. Nimsikilize! Aliyeniuza?

Nimepiga hesabu upya na kosa nimeliona. Turbo ilichelewa kwa sababu ilikuwa peke yake. Moja inachelewa kona tatu. Mbili zitachelewa kona moja na nusu. Nimeagiza ya pili. Ya lori vilevile.

Sasa hivi shemeji kagonga kioo, kalowa chapachapa, anauliza anunue matairi gani. Nimempa ushauri wa kummaliza kabisa: afuate kila neno la Mama Spana.

Akanishukuru tena. Mjinga.