Mwizi wa Groupe Anataka Kuoa

Habari ilitoka kwenye redio ya Mama Asma, Jumamosi asubuhi, kahawa ya tangawizi anayotuuzia ikiwa bado haijachemka sawasawa. Mtangazaji alisema saison, yaani msimu, ya kwanza ya *Mbele ya Juge*, ile filme ya polisi na tribunal, yaani mahakama, iliyochezwa hapa hapa Kamina na watu wa hapa hapa, imeisha wiki iliyopita, na mji mzima umeipenda.

"Zima hiyo kintu!" Greffier akapiga kelele.

Greffier ni Papa Philémon. Alikuwa karani wa tribunal miaka thelathini. Kazi ilimwacha, lakini yeye koti la kazi hakuliacha. Kila siku anakaa mwisho wa benchi yetu, ambayo ni traverse, gogo la zamani la reli, iliyolazwa juu ya matofali, karibu na gare, stesheni ya treni.

"Épisode munane," akasema, "na minyi nimehesabu vice de procédure makumi ine na moya." Vice de procédure, kosa la utaratibu, ndilo tusi lake kubwa kuliko yote. "Mwizi anaiba groupe ya commune, ile mashini ya courant, ya umeme. Siku ya tatu anakamatwa, siku ya ine juge anakata maneno. Siku ya ine! Banaye, fasi nilitumika kulikuwa dossier ya kesi ya mbuzi. Mbuzi ile ilizala, batoto bake bakazala, bajukuu bake bakakuwa bazee, na siku ya audience banaisukuma nyuma tu."

"Na mwenye mbuzi?" nikauliza. Mimi ni fundi wa baiskeli. Wananiita Rayon, yaani spoku.

"Alikufa. Mbuzi njo ilikuya ku kilio."

Mama Asma alicheka mpaka kijiko kikamponyoka. "Papa Philémon, unakataa filme juu inaenda mbio?"

"Ninakataa juu ya ule wakili, avocat! Alisema maneno mbili, akakaa. Uliona wapi avocat anakaa mwenyewe, bila kuambiwa inatosha?"

Hapo akatokea Commissaire. Jina lake ni Zakaria, mtoto wa wafanyabiashara wa Maniema, anauza mitumba sokoni. Katika filme alicheza mkubwa wa polisi, na tangu épisode ya pili hajarudi kuwa Zakaria. Anatembea mikono mgongoni. Miwani yake ni nyeusi hata siku ya mvua, na buti ni kubwa, za askari, alizozitoa kwenye balo lake mwenyewe la viatu. Askari wa kweli pale barrière, kizuizi cha barabarani, wanampigia saluti. Bombani akina mama wanampisha achote kwanza. Na huyu ndiye mtu pekee ambaye, tukicheza dame, yaani drafti, tunamfungua mdomo kabla ya kuanza, maana huwa anaficha vifuniko vya chupa shavuni.

"Repos," akatuambia, kama mkubwa anayeruhusu askari wapumzike, akaketi.

"Hakuna muntu alisimama," Mama Asma akasema.

"Mu roho mulisimama."

Nyuma yake akaja Jéthro, na kicheko kikapungua. Jéthro ni mwalimu wa primaire, wa familia ya Wamethodiste, muimbaji wa sauti ya nne. Hajawahi kurudi nyumbani na kipande cha chaki ya shule hata mfukoni kwa kusahau. Lakini watu wa televisheni walimwona ana uso wa huzuni, wakampa sehemu ya mwizi. Tangu hapo, kikapu cha matoleo kikifika kwenye safu yake kanisani, shemasi anakiinua juu kama mtu anayevusha mtoto mtoni, anakishusha kwa jirani. Mzazi mmoja alikuja darasani kuchukua mwavuli wa mtoto wake. Jua lilikuwa linawaka.

"Accusé, njoo," Commissaire akamwita, kama vile mshtakiwa anavyoitwa. "Juu ya nini uso iko vile?"

"Usiniite hivyo leo, Zakaria," Jéthro akasema. Akanipa simu yake. "Yaya Rayon, mukubwa wangu, soma."

Ulikuwa ujumbe wa Salomé, mchumba wake, mwalimu mwenzake. Tangazo la ndoa lilikwisha kusomwa kanisani mara mbili. Nikausoma kwa sauti: *Papa anasema ndoa ingojee. Ameona filme yote. Ametoka Kinkondja na pikipiki, anakuya kukuona ku kahawa. Jéthro, usikimbie.*

Mama Asma akaitoa kahawa motoni.

"Ni mukubwa muzima," Mama Asma akasema. "Hajue filme ni bongo, kudanganya tu?"

"Weye mwenyewe unajua?" Greffier akamgeukia. "Juzi Jéthro alifika hapa, ulifunika sukari."

"Ni mukono ulifunika. Minyi niliukataza."

"Tupange défense," Greffier akasema, akafunga vifungo vya koti. "Jéthro, sikia. Usikubali kintu. Akikuuliza kama ulikuwa mu filme, sema hukumbuke. Akikuuliza jina yako, uliza avocat."

"Jina yangu analijua, Papa. Alinipa mutoto."

"Alikupa. Sasa anakupokonya. Njo vile dossier inaanza."

"Mumuache kwangu," Commissaire akasema, akisafisha miwani. "Bantu bananiheshimia. Nitamuangalia na ile regard."

Sisi sote tuliijua hiyo regard. Katika épisode ya mwisho mwizi amekaa tribunalini, commissaire amekaa mbele yake mezani, hasemi neno, anamtazama tu. Mwizi anatetemeka, machozi yanamwagika, anakiri kila kitu. Kamina yote ilikuwa inasimulia yale macho. Kijana wa mtaani kwetu alitubu wizi wa kuku kwa sababu Zakaria alipita na kumwangalia. Zakaria alikuwa anatafuta choo.

Jua lilikuwa limepanda kidogo tuliposikia pikipiki. Harufu ya samaki wakavu ilitangulia, kisha gunia, kisha Papa Kyabu mwenyewe, baba wa Salomé, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa na vumbi mpaka kwenye kope. Jéthro akasimama, akainama, akapiga makofi polepole kama desturi ya Baluba mbele ya mkwe.

Papa Kyabu akampita. Akaenda moja kwa moja kwa Commissaire, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Vidye Commissaire, bwana mukubwa. Heri uko hapa. Mbele ya sheria tutasema bila woga."

Commissaire akavimba kidogo. Mama Asma akampa mzee kikombe na kiti chake mwenyewe.

Greffier hakungoja. "Muzee, kuhusu wizi wa groupe, tunasema hivi: mashini ile ilikuwa ya kuazima, na..."

"Nani alisema juu ya wizi?" Papa Kyabu akamkata. "Unafikiri shiye ba ku ziwa hatujue filme? Wizi ni muchezo. Minyi ninasema juu ya épisode ya munane." Akaweka kikombe chini. "Juge anamuuliza huyu: ulikuwa na nani? Na yeye, mbele ya bantu bote, anasema nini? Anasema: *Nilikuwa na shemeki yangu.*"

Akatutazama mmoja mmoja.

"Shemeki! Kaka ya muke! Banaye, minyi niko na batoto banaume batano. Salomé akiolewa, bote batano banakuwa shemeki zake. Siku moya kuku inapotea ku majirani, huyu anaulizwa mara moya tu, na minyi nabakia na nyumba ya banamuke."

"Lakini ni texte, muzee!" nikasema. "Kuko muntu aliandika."

"Mukono uliandika, lakini kinywa nilisikia. Na machozi? Machozi nani aliandika? Tulikuwa bantu makumi munane mu kiwanja ya jirani, bote tulilia. Bibi yangu, mama ya Salomé, alilia mpaka akazimia. Bongo haina machozi." Akamwonyesha Commissaire kwa kidevu. "Na hakupigwa hata kofi. Huyu alimuangalia tu. Muntu anaangaliwa, anauza shemeki!"

Greffier alihesabu vidole vyake, akarudia tena. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakupata kosa la utaratibu.

Jéthro alikuwa bado amesimama. Aliposema, alisema taratibu, kama anawaambia watoto wa darasa lake.

"Papa, neno ile sikuweza kulisema. Papa yangu alikuwa mwalimu, minyi nikiwa mutoto. Katoni ya chaki ikapotea ku shule. Alijua nani alibeba: ni kaka ya mama yangu, shemeki yake. Balimutia mu cachot siku mbili. Mama alipeleka chakula, alilia, akamuomba aseme. Hakusema. Siku ya tatu shemeki akaenda mwenyewe, akasema: ni minyi. Papa alipoachwa na miguu, mpaka alikufa, ule mujomba njo alimubeba ku mugongo kila siku ya kanisa." Akahamia mguu mwingine. "Siku ya caméra, kila mara nikifika ku neno ile, kinywa kinafunga. Bakasema coupez, bakakata. Tukaanza tena. Mara tano, Papa."

"Na mara ya sita?"

"Mara ya sita nilisema."

"Juu ya nini?"

"Kintu kiliniuma."

"Kintu gani?"

Jéthro akatazama chini. "Kintu tu, Papa."

"Nani alikuumiza? Sema jina yake, ndoa inaendelea leo leo."

Mama Asma aliacha kukoroga. Nilidhani atasema. Nani asingesema? Alikuwa na suti tayari kwa fundi, na Salomé alikuwa mahali fulani ameshika simu.

"Hapana, Papa," akasema. "Nisamehe."

Papa Kyabu akainuka, akaanza kufungua kamba ya gunia kwenye pikipiki, akaifunga tena. Ni ile namna ya mtu anayejiandaa kuondoka lakini anatoa nafasi.

Na hapo Zakaria akavua miwani. Ilikuwa wiki nyingi hatujaona macho yake, na yalikuwa macho ya kawaida kabisa, mekundu kidogo.

"Muzee, ngoja. Minyi siko commissaire. Ninauza mitumba."

"Najua. Hii suruali nilinunua kwako."

"Na ulinisalimia vile?"

"Nguo ya sheria banaisalimia hata ikiwa ku kamba."

Zakaria akapangusa jasho. "Sasa sikia. Ile regard... haikukuwa regard. Jua lilikuwa linaenda, chef ya caméra alikuwa anakasirika, na shiye bote tulikuwa na njaa. Mara ya sita nilimukanyaga chini ya meza. Na hii buti. Kwa kisigino. Neno lilitoka na machozi pamoya. Ile machozi ni ya kidole, muzee. Haiko ya roho."

Mama Asma alishika kichwa. "Zakaria! Minyi nilifikiri ni macho! Siku tatu ninamuangalia bwana yangu vile vile aseme alikuwa wapi siku ya soko. Jana ameniletea dawa ya macho!"

"Nilitaka kusema," Zakaria akamwambia Jéthro, sauti imepungua. "Lakini bantu balianza kunipisha ku bomba."

"Aveu, kukiri kwa kuteswa!" Greffier akaruka kama mtu aliyerudishiwa miaka yake. "Nul! Haina nguvu kabisa! Vice ya makumi ine na mbili! Accusé, toa kiatu. Tribunal inataka kuona kidole."

Jéthro hakutaka. Tulimkalisha kwa nguvu kwenye benchi, nikamvua mimi kiatu na soksi. Ukucha wa kidole gumba ulikuwa mweusi kama mkaa, umeinuka upande mmoja. Papa Kyabu akachuchumaa, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akaubonyeza.

"Yesu wangu!" Jéthro akapiga kelele, na machozi yakamtoka yale yale ya épisode ya nane.

"Ni yenyewe," Papa Kyabu akasema. "Kabisa ni yenyewe."

Akasimama, akakung'uta magoti, akamtazama Zakaria kutoka buti mpaka kichwa.

"Weye ni shemeki yake?"

"Hapana, muzee. Ni rafiki tu."

"Rafiki tu." Mzee akarudia neno hilo mara mbili, kama analipima uzito. "Alikataa mara tano. Mara ya sita bakamuvunja kidole. Na leo, bibi anamutoka mu mukono, hakutaja hata muntu mwenye kumuvunja. Na ni rafiki tu." Akapiga makofi polepole, mara mbili, mbele ya Jéthro. "Wafwako, asante, mutoto. Batoto bangu batalala muzuri. Pigia Salomé, umuambie mwalimu wa kwaya aendelee na nyimbo."

Simu ya Jéthro ilikuwa bado kwangu. Mama Asma akaninyang'anya, akapiga yeye, akaanza kupiga vigelegele kabla Salomé hajasema hata alo. Zakaria alikuwa amekaa miwani mapajani, hajui aicheke au ailie hali yake. Greffier akamgonga begani na kumwambia kwamba mtu akikiri mwenyewe, adhabu inapunguzwa, isipokuwa kwenye dame.

Papa Kyabu akashusha gunia, akamtwika Jéthro begani. "Twende kwa dada yangu, nyuma ya soko. Polepole, juu ya kidole."

Wakaenda, mzee mbele akisukuma pikipiki, Jéthro nyuma akichechemea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Sisi tulibaki kuwatazama. Walipofika tu kwenye meza za kwanza za soko, muuza nyanya mmoja akasimama, akaweka mikono kiunoni, sauti ikafika mpaka gare:

"Mwizi! Mwizi wa groupe! Angalieni, anabeba samaki ya muzee!"

Wanawake watatu wakainuka na mwiko. Jéthro akasimama katikati ya njia, gunia begani, hana pa kukimbilia wala mguu wa kukimbia.

Papa Kyabu akaegesha pikipiki. Akavua kofia, akaiinua juu watu wote waione, akapaza sauti kwa furaha ya mtu anayetangaza mtoto wake amefaulu mtihani:

"Mumuache, bamama! Huyu ni mwizi ya kwetu!"