Meli ya Maamiri Tisa

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Leo saa nne asubuhi nimemaliza meli! Miezi saba ya kujenga. Milingoti mitatu, mizinga kumi na minne, usukani wa mbao nyekundu, bendera yenye jogoo niliyemchora mwenyewe. Jina lake Fahari ya Mbunya. Katika mchezo huu wa maharamia tunacheza watu wa dunia nzima, na sijaona meli inayoifikia. Kila mti nimeukata mimi, hapa hapa kwenye kompyuta ya ofisi yangu ya fotokopi, katikati ya barua za watu za kuomba kazi. Kuna mteja alingoja cheti cha kuzaliwa tangu asubuhi hadi mchana. Nilimweleza kwamba napigilia misumari. Hakuelewa. Watu wengine hawana maono.

Nikamwita Grégoire wa duka la dawa, ng'ambo ya barabara, aje aone. Naye anacheza. Ana kidude cha mlingoti mmoja na mizinga minne, anakiongoza na wapwa zake wawili. Alitazama meli yangu muda mrefu, akakiri ni nzuri. Kisha akauliza mabaharia wako wapi. Swali la mtu mwenye wivu! Maneno yakazidi, mwisho tukaandikiana karatasi. Jumamosi saa tisa, Fahari na kidude. Atakayebaki juu ya maji ndiye mshindi, na kila kapiteni aliyezama atamtumikia mshindi kama baharia wa kawaida miezi mitatu. Na katika mchezo huu meli ikizama haifufuki. Nimetia sahihi bila kusoma mara ya pili. Nisome nini, na mwandishi ni mimi?

Jumanne, tarehe 4

Siku ya kutafuta mabaharia. Siku mbaya, kisha siku kubwa.

Nilianza na Abdoul, fundi wa simu, kibanda chake kimegusana na changu. Akauliza baharia hufanya nini. Nikamwambia anavuta kamba, anaziba matundu, anachota maji. Akasema kazi hizo anazo nyumbani, tena bila kuchezea kompyuta. Nikaenda kwa Dady, anayebeba abiria kwa pikipiki hadi Komanda. Huyo ni makamu wa rais wa wenye pikipiki kwenye kituo chao. Akaniuliza kama kweli namwona ni mtu wa kushushwa hadhi. Mwalimu Alexis, mstaafu, alinikumbusha tu nani alinifundisha kushika kalamu. Nikarudi mikono mitupu.

Nikanunua chai na mandazi mawili. Katikati ya andazi la pili, wazo likaja. Cheo! Cheo hakinunuliwi, hakiozi, hakiishi. Na nani mtaani ana mashine ya kuchapa na muhuri? Mimi!

Kufika saa sita hati zilikuwa tayari. Abdoul, Amiri wa Mizinga. Dady, Amiri wa Usukani. Mwalimu Alexis, Amiri wa Mashauri. Muhuri wa duara, wino wa buluu. Walikuja mbio, wote watatu. Abdoul amefunika hati yake kwa plastiki na kuitundika juu ya chaja. Mwalimu aliuliza kama amiri si mkubwa kuliko kapiteni. Nikarudi kwenye mashine, nikajiteua Kapiteni Mkuu wa Maamiri Wote. Swali limekwisha.

Grégoire alipita, akasoma hati ya Abdoul, akacheka hadi akajishikiza mlangoni. Mwache acheke. Jumamosi si mbali.

Jumatano, tarehe 5

Safari ya kwanza, wote ofisini kwangu, wengine kwenye simu, wengine kwenye kompyuta zangu mbili. Hatukutoka bandarini. Niliamuru kamba zivutwe, Abdoul akasema kamba si mizinga. Dady akasema kamba si usukani. Mwalimu akashauri mtu avute. Nilipouliza nani, akasema yeye ameshashauri.

Ikabainika kwamba amiri hawezi kufanya kazi bila naibu, na naibu hawezi bila katibu. Ni haki yao, ndivyo ofisi zilivyo. Nikachapa hati sita. Dady alileta ndugu zake, Abdoul akaleta wateja wawili waliokuwa wakingoja simu zao, Mwalimu akaleta wajukuu. Maamiri na watu wao sasa ni tisa, na mimi wa kumi. Meli inabeba kumi na wawili. Tumebakiza nafasi za wageni wa heshima.

Mwalimu alinivuta pembeni, akanikumbusha kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nikamjibu kwamba methali hiyo inasema manahodha. Nahodha hapa ni mmoja tu, wengine ni maamiri. Mara ya kwanza maishani namnyamazisha mwalimu wangu!

Jioni mtu asiyejulikana, binamu wa katibu wa Dady, alipanda mlingoti, akaanguka, akavunja taa. Kwa hiyo nimeandika Kanuni za Meli. Kifungu cha nne ndicho kitamu: asiye na cheo kilichoandikwa na kupigwa muhuri si mtu wa meli hii, hata akiwa ndani yake. Nimekisoma kwa sauti mara tatu. Kinapendeza.

Alhamisi, tarehe 6

Tumetoka bandarini! Upepo mwenyewe ulitusukuma. Nje kidogo tukakutana na meli ya mfanyabiashara aliyekuja kutusalimia. Abdoul akampiga risasi sitini. Hakuna hata moja iliyompata, na risasi za wiki nzima zimekwisha. Nikanunua nyingine kwa dhahabu yote ya mchezo, na nikaongeza kifungu cha saba: hakuna mzinga utakaolia bila amri ya maandishi, yenye tarehe, sahihi na muhuri. Nikaongeza pia kwamba hakuna mtu kusema kitu melini kabla ya kuwasalimu viongozi wote kwa vyeo vyao. Nidhamu!

Mchana alikuja shemeji yangu Christella, mdogo wake Mama Joyeuse, mke wangu. Ametoka Mahagi-Port na vikapu vya samaki wa chumvi, atakaa kwetu hadi aviuze. Alikaa kwenye kompyuta ya pili kupumzisha miguu. Nikamwonyesha mizinga, nikamwonyesha jogoo. Yeye akatazama chini.

“Shemeji,” akasema, “mashua yenu iko nakunywa mayi.”

Kweli tulikuwa tumegonga mwamba, na katibu aliyepaswa kuniarifu alikuwa bado anasalimu. Christella akashika ndoo, akachota, akaziba, akachota tena, huku anamsimulia Mama Joyeuse, aliyekuja kumpokea, habari za nyumbani. Baba yao alikuwa na mtumbwi wa kuvua, na huyu alikua na ndoo mkononi. Nilitaka kumpa zawadi. Nikamwambia namteua Amiri wa Maji, pamoja na naibu wake.

“Miye sitaki cheo. Unipe tu ndoo.”

Nikamsomea kifungu cha nne. Akasema kifungu hakitoi maji. Basi nimemwacha aendelee, kwa huruma tu.

Ijumaa, tarehe 7

Hatukusafiri. Gwaride na picha ya pamoja. Maamiri tisa mstari mmoja mbele ya ofisi, hati kifuani, wapita njia wanasimama. Sijawahi kuona kitu kizuri namna hii hapa Mbunya, na nimezaliwa hapa.

Christella hakuja kwenye picha. Alikuwa ndani, anajijengea kimtumbwi kwa mbao nilizotupa. Kidogo, bila mlingoti, bila bendera. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema kwao hakuna anayetoka bila cha kurudia. Nimecheka sana.

Mama Joyeuse aliuliza ni watu wangapi wanaochota maji kesho. Nikamwambia watu tisa wanalisimamia suala hilo.

Jumamosi, tarehe 8

Sina hamu ya kuandika. Lakini historia lazima iandikwe.

Saa tisa kamili nilianza hotuba. Kapiteni Mkuu haendi vitani bila kuhutubia. Dakika ya tano hivi, Dady akaona kidude cha Grégoire kinakuja ubavuni. Akaomba neno. Akaanza kumsalimu Mheshimiwa Kapiteni Mkuu, Mheshimiwa Amiri wa Mizinga, naibu wake, katibu wake. Alifika kwa katibu wa Amiri wa Mashauri, mlingoti wa kati ukakatika.

Nikapiga kelele mizinga ilie! Abdoul alikuwa ameilenga vizuri kabisa, namsifu kwa hilo. Akaniomba karatasi. Kifungu cha saba. Nikakimbilia mashine. Karatasi ikakwama. Nikaivuta, ikatoka bila tarehe, Mwalimu akaikataa. Nikachapa nyingine. Kidau cha wino kikawa kimekauka, nikakitemea mate. Nikagonga muhuri! Abdoul akasoma amri hadi mwisho, akasema iko sawa, akageuka kupiga. Mizinga yote ilikuwa chini ya maji.

Muda huo wote Christella alikuwa tumboni mwa meli, peke yake, anachota.

“Shemeji, unipe watu wawili,” alisema. “Wawili tu.”

Nikamwambia apitie kwa katibu. Akaweka ndoo chini. Nilimwona anaingia katika kimtumbwi chake.

Saa tisa na dakika arobaini, Fahari ya Mbunya ilizama. Jogoo alikwenda wa mwisho. Miezi saba! Niliumia kama mtu aliyefiwa, na sioni haya kuandika hivyo.

Grégoire hakungoja. Alivuka barabara na wapwa zake wote wawili, mmoja anapiga beseni, wakasimama mlangoni kwangu kunizomea. Aliniita baharia. Aliniuliza kama najua kufagia sitaha. Alicheka vizuri, kwa kituo, kama mtu anayekula. Na nyuma ya mgongo wake, kwenye kompyuta ya pili, Christella alikuwa anapiga kasia kimya kimya. Akafika kwenye kidude. Hakuna mtu ndani. Akapanda, akazungusha usukani kuelekea mwamba, akarudi katika kimtumbwi chake, akasogea pembeni kutazama.

Sote tulisikia mlio. Grégoire akageuka taratibu sana.

Jumapili, tarehe 9

Sikulala. Furaha! Nimeshinda!

Baada ya misa nilimweleza Grégoire hesabu ilivyo. Ofisi ni yangu, kompyuta ni yangu, shemeji ni wangu. Aliyebaki juu ya maji ni mtu wa Fahari, basi Fahari imeshinda, na yeye ni baharia wangu hadi mwezi wa tisa. Akakataa. Tukaenda kwa Mwalimu Alexis atuamue, na karatasi zote mkononi.

Mwalimu akavaa miwani. Akasoma Kanuni za Meli pole pole, kama alivyokuwa anasahihisha insha zetu. Akafika kifungu cha nne. Akasimama hapo. Akaniuliza cheo cha Christella ni kipi. Nikasema hana, alikataa. Akauliza muhuri huu ni wa nani. Nikasema wangu. Akasema basi kwa muhuri wangu mwenyewe, yule mama hakuwa mtu wa Fahari, hata akiwa ndani yake. Ni mshindi wa kujitegemea. Mimi nimezama, Grégoire amezama, na karatasi yetu inasema kila kapiteni aliyezama atamtumikia mshindi.

Kama ningemwandika baharia tu! Mstari mmoja. Neno moja.

Nilisikia aibu. Nilikaa nyuma ya ofisi, machozi yakanitoka kidogo. Mama Joyeuse aliniletea chai, akanipangusa uso kama mtoto, na hilo ndilo lililouma zaidi. Baadaye nikafikiri kwamba kifungu kile kimeandikwa vizuri mno, hata mwandishi wake hakuweza kukikwepa. Si kila mtu anaandika hivyo. Nikanywa chai yote.

Jumanne, tarehe 11

Kazi imeanza. Christella amekiongezea kimtumbwi mbao na tanga moja. Hana jina la kukipa, anasema mashua haiitwi, inapandwa. Atacheza nasi kila siku hadi samaki waishe, kisha ataendelea kwa simu akiwa kwao. Jana alitupa amri moja tu, mimi na Grégoire.

“Munakuja saa tisa. Kila mutu na ndoo yake.”

Tulikuja. Tulichota. Na lazima niseme ukweli: nachota vizuri sana! Grégoire anamwaga nusu. Mimi simwagi. Dakika ishirini bandari nzima imetazama, nina hakika.

Lakini nikaona hatari. Wachotaji wawili bila utaratibu! Nani anaanza? Nani anafuata? Nikaweka ndoo chini, nikaenda kwenye mashine. Hati imetoka safi: mimi, Amiri wa Ndoo ya Kwanza. Grégoire, Naibu. Nilidhani atacheka hadi ajishikize mlangoni. Hakucheka. Alisoma mara mbili, akauliza kwa nini yeye ni wa pili, na yeye ana duka. Akaweka ndoo yake chini pia. Anataka Ndoo ya Kwanza ziwe mbili, na kila moja na katibu wake. Nimemwambia hilo linajadilika. Ni mtu mwenye akili, sijui kwa nini sikuliona zamani.

Christella ametuita mara tatu. Anauliza ndoo ziko wapi, maji yamefika magotini. Nimemwambia asubiri kidogo, wino haujakauka. Lakini muhuri umetoka vizuri sana leo. Duara kamili, bila doa.